Ukuta Uliomeza Jina la Kulwa

Jua lilikuwa karibu kuzama nilipoegesha baiskeli nje ya nyumba ya Herman, pembeni mwa Ushirombo, upande wa njia inayokwenda misheni. Nilikuwa na futi kamba, daftari na penseli. Nilikwenda kupima kuta za chumba kimoja ili kesho yake nije na ndoo zinazotosha. Kazi ya nusu saa, nikajiambia. Nitakuwa nyumbani kabla ugali haujapoa.

Mimi ni fundi rangi. Mwaka huu natimiza miaka kumi na tatu nikiwa na brashi mkononi, na kuna mambo nimeyaona ambayo sikufundishwa na mtu. Baa ukiipaka nyekundu, watu watakula sana, watapaza sauti, na ugomvi hautachelewa. Chumba cha mgonjwa ukikipaka njano kali, hapati usingizi. Mama mmoja wa pale sokoni nilimpakia sebule zambarau, na siku ya pili akaniita niifute, maana kila akikaa alikuwa anaona kitambaa cha jeneza la baba yake. Sababu yake nini, sijui. Wapo wanaosema ni macho, wapo wanaosema ni mazoea ya utotoni. Mimi najua kitu kimoja tu. Rangi haibaki ukutani. Inamwingia mtu.

Lakini nilikuwa sijajua inaweza kuingia hadi wapi.

"Shikamoo, Mama Ignas," Herman alinisalimu.

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

"Nzuri tu." Macho yake yalisema mengine. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, anauza vipuri vya pikipiki pale stendi, mcheshi anayejulikana. Jioni ile alikuwa na ndevu za wiki nzima, na begani amembeba mwanawe Doto, wa miezi saba, anayelia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Chumba kipi?"

"Cha kulala. Kile cha mwisho."

"Na unataka rangi gani?"

"Yoyote, mama. Yoyote, isiwe ile tu." Kisha akasogea karibu, akanong'ona. "Ukiingia, usikae. Pima, utoke."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Nikasukuma mlango.

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Si ya rangi ya maji wala ya mafuta, na hizo nazijua hata gizani. Ilikuwa harufu ya udongo uliopata mvua sasa hivi, na chini yake nyingine, tamu, ya kisogo cha mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa.

Halafu nikaiona rangi yenyewe.

Sikuweza kuipa jina, mimi ambaye nachanganya rangi kila siku. Haikuwa bluu. Haikuwa kijani wala kijivu. Ilifanana na ule mshipa mwembamba unaoonekana chini ya ngozi ya mtoto, pale pembeni mwa paji la uso. Ilikuwa imepakwa kwa kiganja, siyo kwa brashi. Alama za vidole zilizunguka na kuzunguka, kutoka sakafuni mpaka darini.

Kitandani alikuwa amekaa mke wa Herman, Juliana, mikono imetulia mapajani kama abiria mwenye uhakika kwamba gari lake litafika.

"Karibu, mama," alisema kwa upole. "Keti."

Kifuani gauni lake lilikuwa limelowa maziwa, yanamchuruzika mpaka tumboni. Sebuleni Doto alikuwa analia. Mwili wake ulimsikia mtoto. Yeye hakumsikia.

Nilifungua futi kamba. Nakumbuka nilishika ncha yake... Nakumbuka goti langu la kushoto, linaloniuma tangu nilipoanguka ngazini, likaacha kuuma. Nikashukuru. Kisha kitu kingine kikaniacha, kikubwa kuliko goti. Chini ya mbavu zangu kuna jiwe. Nimekaa nalo miaka miwili, nalala nalo, naamka nalo. Likaanza kuyeyuka polepole, kama mafuta ya nazi juani.

Niliketi kitandani kando ya Juliana.

Kulikuwa kimya. Kuzuri. Mahali fulani, mbali sana, mtoto wa watu alikuwa analia. Mtu mmoja naye akawa anaita.

"Mama Ignas!"

Nikasikiliza.

"Mama Ignas! Mama Ignas, toka!"

Nikajiuliza, bila haraka yoyote, kama mtu anayewaza wimbo aliousikia redioni.

Ignas ndiye nani?

Mkono ulinishika ukosi ukanivuta kinyumenyume hadi koridoni, na mlango ukafungwa. Herman alikuwa anahema. Nje kulikuwa giza, taa za majirani zimewaka, na redio ya mtu ilikuwa inamalizia taarifa ya habari ya saa mbili. Nilikuwa nimekaa mle ndani zaidi ya saa moja. Daftari langu lilikuwa tupu.

Kisha Ignas akanirudia.

Alirudi kwa mkupuo, mzima mzima, kama teke la ng'ombe tumboni. Mwanangu wa kwanza. Miaka ishirini na mbili. Aliaga Jumanne asubuhi kwenda kwenye machimbo upande wa Segese, masika ya mwaka juzi, na duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, likawaporomokea. Siku nne waliwafukua. Nilimtambua kwa mkanda wa suruali. Nikaketi kwenye ngazi za Herman nikalia kama siku ile ile ya msiba, na katikati ya kilio kile nilikuwa na hofu moja mpya kabisa. Kwa saa moja mwanangu hakuwa amekufa. Hakuwa amezaliwa kabisa.

Herman alisubiri ninyamaze, ndipo akanieleza.

Walijaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alishikwa na homa akiwa na miezi minne, wakamzika. Juliana alilia usiku na mchana, hali, hanywi. Siku moja Herman akarudi kutoka dukani akakuta kuta za chumba zimepakwa, mbichi bado, na mkewe ameketi kimya, uso mkavu. Akamshukuru Mungu. Akadhani amepona.

"Baada ya wiki moja akaniuliza kwa nini tuna vyandarua viwili vya watoto," alisema. "Nikadhani anatania, mama."

Majirani walimwambia kwamba mchana ule mwanamke mmoja alipita na karai kichwani, anauza udongo wa kupaka nyumba. Hawamjui. Alikuwa anaongea Kisukuma cha zamani, cha mabibi. Hakuonekana tena. Muuguzi wa zahanati naye alikuja kumwona Juliana. Alisema mama aliyefiwa anaweza kuugua akili, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una dawa na mazungumzo. Akasema pia chumba kina dirisha dogo, huenda udongo ule una kitu kinacholevya. Juliana akapewa vidonge. Havikubadilisha kitu.

"Mafundi wawili wamekuja kabla yako," Herman alisema. "Mmoja nilimtoa kama nilivyokutoa wewe. Wa pili alichungulia tu, akakimbia na kuacha ngazi yake." Akamtazama Doto, aliyekuwa amelala kwa uchovu, mashavu yamebonyea. "Maziwa ya kopo anayatapika. Uji hautaki. Amepungua kilo mbili."

Ningeweza kukataa. Kilichonizuia kilikuwa ile saa moja. Mtu hawezi kuniibia mwanangu mara mbili.

"Nakuja asubuhi," nikamwambia.

Nilifika jua linachomoza. Tulifungua dirisha, tukaliondoa pazia, nikajifunga kitambaa puani, maana maneno ya muuguzi niliyaamini. Nilitaka kuyaamini. Juliana tulimtoa tukamketisha uani kwenye mkeka. Hakubisha. Nilipopita na ndoo akanishika upindo wa kanga.

"Mayu," alinong'ona, akiniita mama kwa Kisukuma. "Usikifute. Mle ndani hakuna aliyekufa."

Nilichuchumaa mbele yake. "Mwanangu, huyu mtoto mnamwitaje?"

"Doto."

"Na Kulwa yuko wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Doto alizaliwa peke yake."

Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba Doto ni wa pili. Hakuna Doto bila Kulwa.

"Yule mwanamke wa udongo alikwambia nini?" nikamuuliza.

"Aliniuliza namlilia nani. Nikamwambia. Akasema nimtajie jina, alichanganye kwenye udongo, nitapumzika."

"Ukamtajia jina gani?"

Midomo yake ikafunguka. Ikacheza... Hakikutoka kitu. Akatabasamu na kutikisa kichwa.

"Halipo," alisema. "Alilichukua."

Nilianza kwa njia ya kawaida. Nilimwambia Herman asimame mlangoni na mtoto, na aniite kila baada ya muda mfupi. Nami kila akiita nitamjibu kwa kumtaja mwanangu na kifo chake. Nikikosa kujibu, anivute. Nikachovya rola kwenye rangi nyeupe.

"Mama Ignas!"

"Ignas ni mwanangu. Alifukiwa machimboni. Jumanne."

Nilipiga mkono wa kwanza wa rangi kwenye kuta zote. Tukatoka nje, tukasubiri ukauke. Tuliporudi, weupe haukuwepo. Haukuwa umebanduka wala kuchuruzika. Ulikuwa umenyweka, na ile rangi ya mshipa ilikuwa inatutazama kama mwanzo, laini, imelowa kidogo.

Nikapiga mkono wa pili. Ukanywewa nao.

Nikaweka kiganja ukutani.

Ukuta ulikuwa na joto. Joto la mtoto mwenye homa.

Nilitoka nikakisugua kiganja mchangani pale uani. Juliana alinitazama kwa upole, akasema, "Pole, mama." Herman akaniletea maji. Nilinawa uso, nikamwambia, "Rangi haitoshi. Tunabomoa plasta yote mpaka kwenye matofali. Una tindo?"

"Sina."

"Ninayo."

Tindo na nyundo. Nilianza na ukuta wa dirishani. Plasta ilikuwa ngumu, inatoa mlio wa mfupa. Vumbi likajaa, na ile harufu ya kisogo cha mtoto ikazidi mpaka ikawa inanipitia kwenye kitambaa.

"Mama Ignas!"

"Ignas ni mwanangu. Alifukiwa machimboni. Jumanne."

Nyundo. Nyundo. Nyundo.

"Mama Ignas!"

"Mwanangu. Alifukiwa."

Mkono ulianza kuwa mwepesi. Goti likaacha kuuma tena, na safari hii nililitambua, nikaogopa, lakini hofu yenyewe ilikuwa ndogo, inafifia...

"Mama Ignas!"

"Abee."

"Jibu sawasawa, mama! Ignas ni nani?"

Nilisimama na nyundo hewani. Nilijua lipo jibu. Nilijua ni fupi. Nilitazama ukuta nione kama limeandikwa, na pale, kati ya alama za vidole vya yule mwanamke wa udongo, niliona alama nyingine. Kiganja kidogo. Kidogo sana, cha mtoto wa miezi minne, kimebonyea kwenye udongo kana kwamba kilibonyezwa kutokea upande wa ndani.

Kikajikunja.

Sijui kama nilikiona kweli. Muuguzi angesema ni ule udongo unaolevya. Ninachojua ni kwamba Doto alipiga ukelele mlangoni, ukelele ambao hajawahi kuupiga, akiwa ameunyooshea mkono ukuta ule ule. Mwili wangu ukaruka. Niliikita tindo kando ya kile kiganja nikapiga kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, mara moja, mbili, tatu.

Pande zima la plasta, upana wa mlango, liliachia na kuanguka miguuni pangu.

Na jiwe langu likarudi chini ya mbavu. Lilirudi na uzito wake wote. Sijawahi kufurahi hivyo kupata maumivu.

"Ignas ni mwanangu!" nikapiga kelele. "Ni mwanangu wa kwanza!"

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Herman alimweka mtoto kwa jirani akaingia na sululu, tukabomoa pamoja, tunaitana majina bila kukoma. Ukuta wa pili ulipokwisha, Juliana aliinuka kwenye mkeka akaanza kuzunguka uani, anatafuta kitu chini. Wa tatu ulipokwisha, alishika kichwa kwa mikono miwili. Tukafika wa nne. Pande la mwisho lilipodondoka, tulimsikia.

"Kulwaaa!"

Majirani walitoka mbio, kanga viunoni, wakidhani kuna msiba mpya. Walimkuta amelala kifudifudi mchangani, anapiga ardhi kwa viganja, anaita jina lile moja. Wanawake wakamzunguka, wakamshika, wakalia naye. Hakuna aliyemnyamazisha. Jioni, akiwa bado analia, alinyoosha mikono kwa yule jirani aliyembeba Doto. Akampakata. Akamnyonyesha, na machozi yake yakawa yanadondokea utosi wa mtoto. Doto alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni.

Herman alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia analia huko peke yake.

Kifusi tulikibeba kwa toroli, safari kumi na mbili, tukakimwaga kwenye korongo lililo kando ya barabara. Nilikusudia kurudi asubuhi na chokaa na maji, nikiharibu kabisa, kisha tupige plasta mpya.

Asubuhi nilikuta korongo tupu.

Halikubaki hata punje. Palikuwa pamefagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana. Nikadhani yule mwanamke amerudi kuchukua chake. Niliinama kutafuta nyayo zake. Nilitamani ningeziona zake tu.

Zilikuwa nyayo za watu wengi. Ndogo na kubwa. Za ndala, za gambuti, za pekupeku. Na kati yake alama za duara za matako ya makarai na ndoo, nyingi, zimepangana kama watu walikuwa kwenye foleni. Wanawake waliolia na Juliana jana yake walikuwa wamesikia kila kitu. Wamesikia kwamba upo udongo unaondoa kilio. Nilipoinua kichwa, jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wake. Nilimsalimia. Aliitikia akaingia ndani na kuvuta pazia.

Juliana anaendelea vizuri. Analia, anapika, anamcheka Doto anapojaribu kutambaa. Jumapili humpeleka makaburini. Zahanati anakwenda kila mwezi. Yule mwanamke wa udongo hakuna aliyemwona tena, na nani alimtuma, au alikuwa anapeleka wapi majina aliyoyachukua, sijapata mtu wa kunijibu.

Lakini kuna hili la wiki iliyopita.

Esta anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alifiwa na binti yake Nelly, darasa la tatu, aliyeteleza kisimani. Tulimzika Alhamisi, na makaburini walimshika watu wanne asijitupe. Jumamosi jioni nilikwenda kumpa pole tena. Nilimkuta amesimama mlangoni na sinia la vikombe, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa upya.

"Karibu chai, mama," alisema.

"Pole sana, Esta."

Aliniangalia kwa upole. Upole ule ninaujua.

"Pole ya nini?"

Nyuma yake upepo ulisogeza pazia la mlango wa chumbani. Niliona ukuta kwa upana wa kiganja tu. Ilinitosha. Harufu ya udongo uliolowa ikanijia puani, na nyuma yake ile nyingine.

Esta akainama, akaninong'oneza sikioni. "Unaonekana umechoka sana, Mama Ignas. Ingia upumzike kidogo. Hakuna mtu."

Niligeuka nikaondoka bila kuaga, na mtaani wamenisema kwa utovu huo wa adabu. Tindo na nyundo ninavyo, vipo chini ya kitanda. Kila siku nasema kesho nitakwenda kwa Esta. Tangu Jumamosi ile nimehesabu nyumba nne zaidi ambazo madirisha yake hayafunguliwi.

Watu wanaponiuliza kwa nini siendi, nasema naogopa kile kiganja cha ukutani. Nawadanganya. Siku ile kwa Esta, kabla sijageuka kuondoka, nilitazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshavuka kizingiti.